Matuta Mawili na Mpalizi Asiyejua Ang'oe Lipi

Jua halijachomoza vizuri, na Mama Kucha ameshapiga magoti kwenye umande, katikati ya matuta mawili. Anainamia la kulia, anapapasa shina kwa kidole gumba. Anageukia la kushoto, anapapasa. Anarudi la kulia. Kisha anaketi chini na kucheka peke yake.

"Yaani hata leo sijui," anasema. "Jana jioni nilijua kabisa. Nimelala nikijua, nimeamka sijui."

Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu kucha zake hazijawahi kutakata tangu aanze kupalilia katika bustani hii ya mimea. Ni kibarua wa kulipwa kwa siku, mke wa fundi baiskeli, mama wa watoto watatu.

Mmea unaomchanganya ni mdogo tu, wa kutambaa, wenye majani laini na maua meupe madogo. Bustanini wanauita "la kuku", maana kuku akiliona haambiliki. Lakini la kuku si moja. Lipo gugu, ambalo asili yake ni nchi za mbali zenye baridi, likasafiri na watu mpaka likaenea kila penye shamba na bomba linalovuja. Na lipo ndugu yake wa porini, ambaye kwao ni milimani, kandokando ya vijito, ndani ya misitu yenye ukungu.

Ndugu hao walipandwa bega kwa bega makusudi, wanafunzi waje kuwalinganisha. Mbegu za yule wa mlimani zilikuwa chache na zilipandwa zote, kwa kuwa ukingo wa kijito zilikotoka umeporomoka. Miche ikikua itarudishwa kule. Kuhusu gugu, agizo la msimamizi lilikuwa fupi: wanafunzi wakishaliona, ling'olewe lote kabla halijatoa mbegu, lisije likaimeza bustani.

Tatizo ni vibao.

Wapalizi wa hapa huchomoa vibao vya majina kabla ya kupalilia, wasivigonge na jembe, wakavilaza njiani, kila kimoja mbele ya tuta lake. Siku chache kabla, Mama Kucha, aliyekuwa amehamishiwa upande huo asubuhi hiyo, alifanya hivyo, akaenda kuchota maji. Aliporudi, njia ilikuwa inang'aa. Mfagizi ni wifi yake, dada wa mumewe.

"Wifi, vibao vyangu viko wapi?"

"Hivi hapa. Nimevisugua kwa sabuni. Vilijaa kinyesi cha ndege, wageni wangetuonaje?"

"Kipi kilikuwa kulia?"

"Kwani vilikuwa na kulia?"

Mama Kucha anasimulia akiwa ameshika kiuno. "Angekuwa mtu baki ningemfokea. Sasa wifi utamfanya nini? Ukimfokea, jioni unamkuta kwako anakunywa chai."

Msimamizi alipoulizwa alisema la mlimani ni la kulia. Baada ya chakula cha mchana akasema la kushoto. Aliyeyapanda ameshaacha kazi na simu yake haipatikani. Ndipo akaitwa mtaalamu wa mimea, dada mpole mwenye miwani, akachuchumaa na kioo chake cha kukuzia.

"Bado machanga. Nikikwambia sasa nitakuwa nabahatisha. Mbegu zikikomaa ndiyo nitajua."

"Lakini likitoa mbegu, si ndiyo bustani imekwisha?"

"Ndiyo, mama."

"Na niking'oa lisilo gugu?"

"La mlimani ndiyo basi tena. Mbegu nyingine hatuna."

"Sasa nifanye nini?"

Mtaalamu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kwa kweli, mama, sijui."

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Binti yake wa katikati alimuuliza: kama gugu limezaliwa bustanini, na mama wa gugu hilo naye kazaliwa humohumo, kwao ni wapi? "Nikamwambia kalale," anasema Mama Kucha.

Msimamizi alimpa hadi Ijumaa tuta moja liondoke. Alhamisi, Mama Kucha aliyahamisha yote mawili, pamoja na udongo wake, kwenye makarai. Ya tuta la kulia akayapanga chini ya dirisha la stoo, ya kushoto karibu na mlango, yote juu ya sakafu ya saruji.

"Nilikuambia moja," msimamizi alishangaa.

"Ungeniambia lipi, bosi, ningeondoa hilo."

Alikuna kichwa, akakubali kwa sharti: mche mmoja ukionekana nje ya saruji, mimea yote ya kwenye makarai inachomwa moto. Kwa hiyo sakafu hufagiwa kila asubuhi. Na mwenye fagio ni nani? Wifi.

"Fagia chini tu. Karai usilifute, usilisogeze."

"Hata likiwa chafu?"

"Hasa likiwa chafu!"

Sasa, wiki chache baadaye, maua yamefunguka, meupe, kwenye makarai yote. Je, mtaalamu akisema yote ni gugu? Mama Kucha anamkazia macho aliyeuliza. "Hilo sikuliwaza. Usinichanganye zaidi."

Lakini ameshaomba nafasi kwenye gari litakalopeleka miche mlimani, kama miche hiyo itapatikana. Hajawahi kufika huko. Atavaa sweta la mumewe.

"Nikishaipanda, nitakaa kidogo pale kijitoni," anasema. "Nataka nilione likiwa kwao, peke yake, bila ndugu yake pembeni."