Kabati la Nungunungu

Mzee alichora mabango ya maduka tangu ujana wake, na mtaani mkono wake haukuwa na mpinzani. Akichora jogoo, ulisubiri awike. Lakini mkewe, mshonaji, alikuwa anapoteza macho, na hata daktari alikwisha kuinua mikono.

Binti yao alitaka kumchukua mama akaishi naye. Mama akakataa katakata, kisha akatoa ahadi.

"Siku nitakayoshindwa kujitafutia uzi na sindano, njoo na begi unichukue."

Siku hiyo ilikuwa inakuja mbio. Vitu vyake vya kushonea vilikaa ndani ya makopo, na kila akipapasa uzi alikutana na mkasi. Mzee hakuweza kuiwazia nyumba ile bila yeye. Akajichimbia uani na mbao zake, akaunda kabati la droo. Kila droo akaichorea picha yake: konokono kwa nyuzi, korongo mwenye mdomo mrefu kwa mkasi, jani la mgomba kwa vitambaa, nungunungu kwa sindano. Akapaka vanishi, akarudi nyuma kutazama, akajisifu bila aibu.

Akamwita mkewe. Mama akapitisha vidole kutoka juu hadi chini.

"Laini kweli, baba watoto. Sasa uzi uko wapi?"

Mzee akapigwa na butwaa. Mazoea yana taabu: mtu aliyewachorea wenye macho maisha yake yote, na mkewe naye kamchorea picha! Iliuma, maana hakuwahi kuchora nzuri kuliko zile.

Akachukua patasi. Konokono akamchimba mzunguko baada ya mzunguko, rangi ikidondoka magamba magamba. Nungunungu akamtoboa mgongo, akampandikiza miiba ya njiti. Mdomo wa korongo ukavunjika katikati.

"Huyu sasa kuku," mama alisema akimpapasa, na wote wawili wakacheka mpaka machozi.

Jumamosi binti akaja na begi tupu. Habari za makopo zilikuwa zimemfikia. Mama alipomkumbatia, alihisi kifungo cha blauzi ya binti kinaning'inia.

"Kaa hapo."

Vidole vyake vikashuka kwenye kabati. "Konokono, huyu wa nyuzi. Kuku, mkasi. Haya, huyu hapa mwenye miiba." Akavuta droo, akatoa sindano ikiwa na uzi tayari.

Binti akashangaa. "Nani amekutilia uzi, mama?"

"Nungunungu."

Mzee, ambaye kila asubuhi kabla ya chai alizitia uzi sindano zote, akatazama dari.

Mama akashona taratibu, akakata uzi kwa meno, akakivuta kifungo kukijaribu. Kilikaza.

"Na hilo begi litoe njiani, mwanangu. Nitajikwaa bure."