Kwa Miguu Hadi Loitokitok, Bila Kutoka Sebuleni

Muuguzi wa kliniki ya Kajiado alinipa mambo mawili nichague: nitembee nusu saa kila siku kwa miezi mitatu, au nianze sindano za sukari. Kisha akaniuliza ninaishi na nani. Nikamwambia ninaishi na televisheni. Hakucheka. Aliandika kitu kwenye kadi yangu, akasema sindano si mbaya, ila zinataka mtu wa karibu, kwa sababu sukari ikishuka ghafla mgonjwa huanguka kabla hajaita.

Sindano yenyewe siiogopi. Lililonishika ni hilo la kuanguka. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita. Binti yetu wa pekee ameolewa Loitokitok, analima nyanya na vitunguu vya kumwagilia, na hunipigia simu kila Jumapili akitoka kanisani. Nilirudi Kitengela nikiwa na wazo moja tu kichwani: nikianguka Jumatatu, itajulikana Jumapili.

Kwa hivyo nilitembea. Siku mbili.

Huku kwetu mtu wa umri wangu hatembei bure. Siku ya kwanza watu watatu walisimama kuniuliza kama gari imeharibika. Wa nne aliniambia niingie kwake anipeleke, na kwa kuwa nililelewa vizuri, niliingia. Alinishusha sokoni, ambako sikuwa na shughuli yoyote, nikarudi nyumbani na mandazi ya moto kwenye gazeti. Siku ya pili nilipita nyuma ya ua wangu, anapochunga mbuzi jirani yangu Mmaasai. Ni mzee wa rika langu. Ardhi yote hii ilikuwa ya baba yake kabla haijakatwakatwa na sisi kuizungushia kuta.

"Supa," akanisalimu.

"Ipa."

"Jirani, umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu. Natembea tu."

"Unaenda wapi?"

"Siendi mahali. Nafika pale kwa nguzo, narudi."

Alitazama nyuma yangu, akatafuta. "Na ng'ombe?"

"Sina ng'ombe."

Alifikiri kidogo. "Basi wewe ndio ng'ombe," akasema. "Na mchungaji amelala."

Siku ya tatu nilikwenda kununua tredmili, ile mashine ya kutembelea papo hapo. Mtu akitaka kutembea bila kuulizwa maswali, afungie njia ndani ya nyumba.

Duka lilikuwa kando ya barabara kuu, na muuzaji alikuwa mama mmoja mwenye viatu vya michezo vyeupe, visivyowahi kukimbia hata siku moja. Lakini kazi yake aliijua. Nilikimbilia ile mashine yenye namba kubwa zaidi ya nguvu za mota, akanivuta mkono.

"Hiyo namba ya karatasi usiiamini, baba. Hiyo ni nguvu ya dakika moja. Uliza nguvu ambayo mota inaweza kushikilia ikienda nusu saa bila kuchoka. Ni kama bwana harusi. Siku ya harusi wote wako na nguvu. Mimi huuliza ya mwaka wa tano."

Kisha akataka kuona hatua zangu, ndipo ajue urefu wa mkanda unaonifaa. Nikatembea katikati ya majiko ya gesi na friji, wateja wakinitazama kama ng'ombe wa mnada. Nilijua huwa natembea polepole. Sikujua kwamba natembea kama mtu anayemkwepa paka aliyelala.

"Fupi fupi," akasema kwa upole. "Mkanda mrefu ni wa wakimbiaji. Wewe utaokoa pesa."

Akaniuliza uzito wangu, kwa sababu kila mashine ina mwisho wake, na ni vizuri mtu abaki mbali na huo mwisho. Nikampa uzito niliokuwa nao mwaka niliooa. Alitupia jicho vifungo vya shati langu. "Tuongeze kidogo," akasema, na akaongeza sana.

Mwisho alinionyesha kamba nyekundu yenye kibanio. Unabana upande mmoja kwenye nguo, upande wa pili umeshika kifunguo cha mashine.

"Ukianguka, hii inachomoka, mashine inazima hapo hapo."

"Halafu?"

"Halafu nini, baba?"

"Mimi niko chini. Mashine imezima. Halafu?"

"Halafu unaita mtu wa nyumbani," akasema, na nadhani aliona usoni mwangu kitu ambacho sikukusudia kukileta dukani, maana alianza kupangusa vumbi mahali pasipokuwa na vumbi.

Pesa zangu zilitosha mashine moja kati ya mbili. Moja ilikuwa mpya, ya chini, imejaa springi za kupunguza mshindo, imetulia kama kanisa siku ya Jumanne. Mota yake ilikuwa ndogo. Ya pili ilikuwa imetumika, mota yake ya kweli, lakini ikiwaka inanguruma kama posho mili ya unga. Nilichukua ya kelele. Mama aliniahidi mkeka wa mpira wa kuweka chini yake ili kupunguza mngurumo, ila ulikuwa umeisha. Angeniletea baadaye.

Asubuhi ya kwanza nilibana kamba kwenye fulana, nikawasha. Vyombo vya kabatini vikaanza kuongea. Nilitembea nikitazama ukuta, na picha ya marehemu ukutani ikinitazama, mguu mbele mguu nyuma, hadi namba zikasema kilomita mbili. Niliposhuka, sakafu iliendelea kutembea bila mimi.

Jirani alikuwa langoni na fimbo yake.

"Unasaga mahindi?"

Nikamwingiza, nikamwonyesha. Aliizunguka mara mbili. Aliinama akasoma namba.

"Hii ni nini?"

"Ni mwendo niliotembea. Kilomita mbili."

"Kwa hivyo umesafiri." Akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akaweka fimbo magotini. "Sasa umefika wapi?"

Nilidhani ananichezea. Lakini kwao mtu aliyetoka njiani huulizwa habari za njia, na yeye aliniuliza kama anavyomuuliza yeyote: nyasi ziko? Maji je? Nikamwambia niko njiani kwenda kwa binti yangu, Loitokitok.

"Mbali," akasema. "Utapitia Isinya au utakata kuelekea Mashuru?"

Sikujua. Yeye alijua. Ujanani mwake alipeleka ng'ombe hadi Kimana mwaka wa ukame, kwa miguu, na njia yote bado iko kichwani mwake, kila kisima na kila mlima. Vijana wake wako Rongai na Tuala, wanafanya kazi za mjini, na hakuna hata mmoja anayemuuliza njia.

Hivyo ndivyo ikawa. Kila asubuhi mimi nanguruma. Nikishuka, yeye anaita kutoka kwa mbuzi wake, "Umefika wapi leo?" Nami najibu kwa sauti juu ya ua, kama kichaa aliyepata kichaa mwenzake. Anasema pale nilipofika pana mawe mabaya, niangalie miguu. Nasema nitaangalia. Kisha kila mtu anarudi kwake, na chai ninayopika ni kikombe kimoja kama zamani.

Mkeka wa mpira ulifika wiki ya tano. Nilijiona mstaarabu nikiutandika. Siku hiyo mashine ilivuma taratibu, vyombo vikanyamaza, nikatembea kilomita tatu safi. Nilishuka, nikaoga, nikaketi na uji.

Lango lilitikiswa. Halikubishwa, lilitikiswa, na kabla sijafika nilisikia komeo likiinuliwa kwa fimbo kutoka nje. Jirani aliingia akipumua kwa nguvu. Mbuzi wake walikuwa barabarani bila mtu.

Alinitazama kutoka kichwani hadi ndala.

"Leo hukutoka," akasema.

"Nimetoka. Nimeshafika na kurudi."

"Sikukusikia."

"Ni mkeka. Unazuia kelele."

"Nimengoja," akasema. "Nikasema labda ameanguka huko Mashuru, na huko hakuna watu." Kisha akakumbuka kunikejeli. "Kumbe ng'ombe anakunywa uji."

Nilitaka kumjibu kitu cha kuchekesha, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu katika huu ujirani. Badala yake nilimsaidia kurudisha mbuzi, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kutembea nje tangu ninunue mashine. Hakuna aliyeniuliza naenda wapi.

Jumapili binti yangu alipiga simu. Nilimweleza kwamba nimeutoa mkeka. Akasema, "Baba, umeutoa ili uwasumbue majirani?"

"Jirani ni mmoja," nikamwambia. "Na ameomba asumbuliwe."

Mkeka uko nyuma ya nyumba sasa, mbuzi mmoja mzee ameuchukua kuwa kitanda chake. Kliniki ni mwezi ujao. Bado nabana ile kamba nyekundu, kwa ajili ya mashine; nikianguka mimi, kuna anayesikiliza nyuma ya ua.