Upanga Uliosuguliwa Garland

Wiki iliyopita nilikuwa dukani Stafford, huku Marekani, natafuta sabuni, mkono ukagusa stilwaya, ile ya kusugulia sufuria. Nikasimama palepale na kikapu changu kama mtu aliyeitwa. Rafiki yangu, nilirudi Garland, mji wa utoto wangu, bila kupanda gari.

Ulikuwa mwaka 2018, nina miaka kumi na minne. Mama ni muuguzi, alitoka alfajiri na kurudi hoi. Bibi alikuwa amekuja kutoka Tanga kukaa nasi miezi sita, na nikitoka shule tulikuwa wawili tu, na harufu ya maharage ya nazi, na kiyoyozi kilichonguruma kama paka mgonjwa. Kwao bibi husalimiana na mtaa mzima. Pale alisimama kwenye veranda ya ghorofa ya pili akiwapungia wanaoegesha magari, na wengi hawakuinua macho.

"Mke mwenza," aliniambia, maana ndivyo alivyonitania, "huku watu wote wamegombana?"

Jirani mmoja mzee ndiye aliyempungia. Alipohamia Houston kwa binti yake, aliniachia upanga wa Kijapani uliokuwa wa baba yake. Akasema ni wa vitani, zaidi ya hapo hajui. Weee! Siku hiyohiyo nikajiita mkusanyaji wa vitu vya kale. Lakini sikuutaka kwa ajili yangu. Baba yake bibi alichukuliwa na jeshi la Mwingereza kwenda kupigana na Wajapani huko Burma, bibi akiwa na miaka sita, na hakurudi. Hakuna barua, hakuna hata kofia.

"Nakumbuka mgongo wake tu," bibi alisema. "Unakwenda."

Basi nikaota: nikithibitisha kuwa upanga huu ni wa vita vile, bibi atarudi kwao akiwa amewahi kushika walau kitu kimoja kilichotoka huko alikopotelea baba yake.

Nikamtumia picha mwenye duka la vitu vya kale. Akajibu kuwa bandia ni nyingi. Nitoe kijiti cha mwanzi kinachofunga mpini, nimletee Jumamosi ile sehemu ya chuma iliyojificha ndani. "Kutu yake usiiguse," akasisitiza. "Hicho ndicho cheti chake cha kuzaliwa."

Kijiti kilinishinda. Bibi alikitoa kwa msumari na mchi wa kinu, mapigo mawili. Ndani kulikuwa na chuma cheusi chenye wekundu, na maandishi membamba yaliyochongwa. Nilimwambia bibi kuwa yule bwana atayasoma Jumamosi. Habari ya kutu sikumwambia. Nilisahau tu, furaha ilinijaa.

Ijumaa nilirudi shule nikamkuta verandani, kanga kiunoni, anaimba. Mkononi ana stilwaya na majivu aliyoyazoa kwenye jiko la wapangaji la kuchomea nyama. Chuma kinang'aa kama kijiko cha harusi. Maandishi yamebaki mikwaruzo.

"Ungempelekea mtoto wa watu chombo kichafu? Angesema hukulelewa."

Kwao ndivyo. Chombo hakitoki nyumbani kwenda kwa mtu bila kusuguliwa. Hata sufuria ya kuazima hurudi inang'aa kuliko ilivyokuja.

Nikapiga kelele. Kwa Kiingereza, makusudi, kwa kuwa hakukijua. Maneno hakuyaelewa, sauti aliielewa. Akaweka stilwaya chini polepole.

"Nimeharibu nini, mwanangu?"

Hakuniita mke mwenza.

"Hakuna, bibi."

Jumamosi mama alitupeleka, akabaki garini akisinzia. Mwenye duka aliugeuza upanga chini ya taa, akaugeuza tena, akashusha pumzi. Akasema huenda ni wa kweli, huenda si wa kweli. Ushahidi umesuguliwa, hakuna tena atakayejua. Bibi, amemezwa na koti kubwa la mama, akanivuta mkono.

"Anasemaje?"

Mle ndani mkalimani nilikuwa mimi tu.

"Anasema ni wa vita vile, bibi. Wa Burma kabisa."

Bibi akauwekea kiganja. Kisha akasema, "Mwambie, huyo mwenye upanga naye huenda aliacha mtoto." Hilo nililitafsiri sawasawa. Yule bwana akavua kofia.

Bibi aliondoka mwezi uliofuata. Nilipanga kumwambia ukweli nikienda likizo, nikishakua kidogo, nikiwa na maneno. Mwaka 2020 ndege zikasimama, naye akafariki kwao Tanga. Tulimzika kwa simu, mama na mimi, tumekaa kwenye zulia. Mazishi yalipokwisha, mama mdogo akatuambia jambo ambalo hatukulijua. Bibi alipofika tu kutoka kwetu alichinja mbuzi, akamsomea baba yake hitima. Miaka yote hiyo haikuwahi kusomwa. Mama yake bibi alikataa mpaka kufa, akisema askari aliyepotea si maiti. Bibi aliwaambia wageni kuwa silaha ya vita vile ameishika kwa mkono wake, mtaalamu wa Marekani kathibitisha, basi kumngoja kumekwisha. Mtaa mzima ulikula pilau.

"Eti mwanangu," mama mdogo akauliza, "kweli huyo bwana alisema hivyo?"

Mama akanigeukia. Kule Tanga nilisikia watu wakipanga vyombo na mtu akilia taratibu.

"Ndiyo, mama mdogo," nikasema. "Alisema."

Jirani yule simjui aliko, duka limefungwa, na Garland ile ya watu wawili haipo tena. Aliyeujua ukweli nilikuwa mimi peke yangu. Sasa na wewe.