Jibu Alilojibu Bartley

Festus Mannion alianza kumnyoa Lucius Daunt wakiwa bado kwao Connemara. Huko, baba yake Lucius, bwana mkubwa mwenye cheo cha kurithi, ndiye aliyemiliki ardhi yote pamoja na mawe yake. Vita vilipozuka huko Ufaransa, Lucius alipewa ukapteni na kikosi cha wanaume wa kwao, wakiwemo Festus na mdogo wake, Bartley. Alipenda kujisifu kwamba anawajua watu wake kama anavyowajua farasi wake. Farasi labda aliwajua.

Wakati wa baridi Bartley alikamatwa kwenye zamu ya ulinzi, paji la uso limeegemea ukuta wa handaki, macho yamefumbwa. Alimwambia kaka yake kwamba alikuwa akisali rozari, na Festus alimwamini, maana ndivyo alivyosali mama yao. Lakini adhabu ya mlinzi aliyelala ilikuwa risasi.

Kapteni alijitolea kumtetea mbele ya mahakama ya kijeshi. Hakumuuliza lolote kabla. Aliona mahakama itamhurumia mtu aliyechoka, basi akamwambia kwa upole mbele ya wakubwa, "Ulikuwa hoi, Bartley, usingizi ukakupitia. Sivyo?"

Lugha ya akina Mannion haina neno la ndiyo wala la hapana. Mtu hujibu kwa kurudia kitenzi alichoulizwa. Na tangu enzi za mababu, mpangaji hakumpinga bwana mwenye ardhi hata akisema theluji ni nyeusi. Kumpinga kulikuwa utovu wa adabu, na mara nyingine kulikuwa kufukuzwa nyumbani.

"Ulinipitia, mtukufu," Bartley akajibu.

Huruma haikuja. Jioni ya kuamkia siku ya kuuawa, Festus alikuwa akimnyoa kapteni. Aliona asiposema sasa hatasema tena.

"Hakulala, mtukufu. Alikuwa anasali."

"Mbona mwenyewe alikubali?"

"Ulisema wewe. Nani kwetu alishawahi kukukatalia?"

Povu lilimkauka kapteni shavuni. Makao ya jenerali hayakuwa mbali, na farasi alikuwa tayari ametandikwa.

"Nikienda sasa kusema nilikosea," alisema hatimaye, "nitaonekana mjinga."

"Utaonekana, mtukufu."

Kapteni akajitazama kwenye kioo. Kisha akamwambia amalizie kidevu, na Festus akamalizia.

Bartley alipigwa risasi alfajiri, na waliofyatua ni majirani zake wa utotoni. Kapteni Daunt alipanda cheo, akawa kanali, kisha jenerali, na magazeti yakamsifu kwa jinsi alivyopendwa na askari wake. Festus aliendelea kumnyoa kila asubuhi mpaka uzee. Wembe haukumteleza hata mara moja, na hilo ndilo ambalo hakuweza kujisamehe.