Msichana wa Nyumba ya Mkomani

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa muuguzi katika zahanati moja ya Kisauni, chumba cha kufunga vidonda. Asubuhi moja ya kliniki ya watoto, ukumbi umejaa kina mama na vichanga vyao, aliingia mwanamke wa makamo anayenukia manukato mazito, akimvuta msichana wa kama miaka kumi. Hakupanga foleni. Hakutoa salamu.

"Ameangukia jiko," alisema. "Mpake dawa, nina haraka."

Nilimvua mtoto gauni. Jiko halichomi vile. Begani palikuwa na alama ya pasi, ncha yake imejichora waziwazi, na chini yake makovu mengine ya zamani ya umbo lilo hilo. Nilimwomba mwanamke angoje nje.

"Ningoje nje kwa nini? Wewe ni muuguzi ama ni polisi?"

"Ni muuguzi, bibi. Na hiki ni chumba changu."

Alitoka, lakini hakwenda mbali. Miguu yake ilionekana chini ya pazia. Mtoto naye aliiona. Nilipomuuliza kilichompata, alijibu kama anayesoma somo alilokaririshwa: "Nimeangukia jiko." Nyanyangu mzaa mama alikuwa Mgiriama, nami niliitambua lafudhi ya mtoto, basi nikamsemesha kwa Kigiriama, polepole, huku nikiosha kidonda. Alishtuka, akanikazia macho kwa chuki, kana kwamba nimemwingilia mahali pake pa kujificha. Kisha akasema, bila kulia.

Mwanamke yule alifika kwao, ndani huko kupita Kaloleni, akamwambia babake kwamba atamsomesha mtoto mjini. Badala ya shule mtoto alipewa ndoo, rundo la nguo na jina jipya. Katika nyumba hiyo ya Mkomani alimkuta msichana mwingine, mkubwa kidogo kuliko yeye. Huyo alipelekwa Arabuni kufanya kazi, kwa karatasi zilizosema ni mtu mzima. Na kila huyu mdogo alipokosea, mwanamke alimwambia, "Kua upesi, na wewe uende."

Nilimwendea mkuu wa zahanati. Hakuinua macho kutoka kwenye chai yake.

"Sisi twatibu vidonda," alisema. "Mambo ya majumba ya watu yana wenyewe. Wamjua mumewe?"

"Simjui, wala sitaki kumjua."

"Utamjua."

Niliporudi, mwanamke alikuwa amekwisha kuingia. Alikuwa akimvuta mtoto, naye mtoto amekumbatia mguu wa kitanda, kitanda kizima kinaburutwa sakafuni. Nilimshika mwanamke mkono. Akanitemea mate usoni.

"Mgumba wewe! Umekosa wako, waiba wa wenzio?"

Hakujua kuwa hapo alipiga penyewe. Nilikaza mkono wake mpaka bangili zikamfinya, akapiga ukelele, na kina mama wakainuka ukumbini. Mmoja alikuja kusimama mlangoni, mwanawe bado yuko kwenye titi, akauona mgongo wa yule msichana.

"Wallahi na mtoto huyu hupiti hapa," alisema. Wengine wakajaa nyuma yake.

Mwanamke alimwachilia mtoto, akaondoka akitulaani sote.

Askari niliowaita walipokuja walinihoji mimi zaidi kuliko walivyomhoji yule mwanamke. "Una kisa gani na mama huyu?" waliniuliza. Hakuwekwa ndani hata siku moja. Mimi ndiye niliyehamishwa, nikapelekwa Chaani, ng'ambo ya pili ya mji, na mkuu wangu hakuniaga.

Mtoto alilazwa hospitali kubwa. Nilikuwa kando ya kitanda chake babake alipofika, kofia mkononi, na gauni jipya limekunjwa kwapani. Mtoto aligeukia ukutani.

"Mwanangu, nilidanganywa," alisema baba.

"Mimi sikudanganywa," alijibu mtoto, uso bado ukutani. "Nilikwambia sitaki kwenda. Ukanipiga."

Yule mzee aliketi chini sakafuni, akaliweka gauni juu ya magoti yake. Mtoto aliondoka hospitalini na nyanyake mzaa mama, na baba akafuata nyuma yao.

Baadaye nilikwenda kumtazama huko kwa nyanyake. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, bibi aliniambia, na shule ameanza, darasa la kwanza pamoja na watoto anaowapita kwa kimo. Ila hataki kuguswa bega, na nguo zake anazivaa zikiwa na makunyanzi. Tulikuwa bado twazungumza uani jiwe liliponipiga kwenye muundi wa mguu. Bibi alishikwa na aibu, akamwita mjukuu wake kwa ukali aje aombe radhi.

"Mwache, mama," nilimwambia.

Alichokiona yeye ni mwanamke mwingine wa mjini, amevaa vizuri, ameketi kwao akisema maneno matamu. Nilikunywa maji niliyopewa, nikaaga. Alikuwa amesimama kati ya mihogo, ananitazama nikishika njia, na jiwe jingine mkononi.