Vyuma Nilivyovipaka Oili

Sisi wa Igamba tukimaliza kumenya kahawa, mashine tunaifuta na kuipaka oili chafu isishike kutu. Nimefanya hivyo tangu ujana, na ndivyo nilivyonusurika kuharibu siku kubwa kuliko zote.

Maana kikundi chetu cha kumenya kahawa kilikuwa kimesimamishwa. Maji ya kumenyea yalishuka bondeni mekundu, yananuka, ng'ombe wanayakataa. Mama mmoja wa huko chini akasema mkutanoni mashine haitazunguka mpaka maji yaache kunuka, na kijiji kikamkubalia. Alikuwa na haki. Mimi nimeishia darasa la pili (mwalimu alikuwa na fimbo ndefu, tuliache hilo), lakini pua ninayo. Tatizo, kahawa yangu ilikuwa nyekundu mtini, na kahawa mbivu haisubiri kikao.

Mjukuu wangu anayesomea mambo ya maji chuoni akaja na vipande vya chuma, nyaya, na betri kuukuu ya lori aliyoipata Tunduma. Akaeleza kwamba umeme ukipita kwenye vyuma ndani ya maji, uchafu unashikana na kujitenga. Asubuhi yake, kwa wema wangu, nikavipaka vyuma oili.

Watu wakajaa, mama yule mbele. Vyuma vikatumbukizwa kwenye pipa la yale maji machafu, betri ikaungwa. Hata kipovu kimoja.

"Binti, umeme wako umelala?" mmoja akamtania mjukuu wangu.

Wakacheka. Mjukuu akachomoa chuma, akakinusa.

"Babu, umepaka nini?"

"Oili kidogo tu. Visishike kutu."

"Babu jamani! Hivi ndivyo vinavyotakiwa viliwe na umeme, na oili inauzuia!"

Nikavisugua kwa majivu na sabuni mpaka kucha zikauma. Akavirudisha, akatia chumvi kiganja kimoja ili umeme upite vizuri. Weee! Vipovu vikapanda kama sufuria imeshika moto, na moto hakuna! Uchafu ukajikusanya juu kama utandu wa maziwa, tukauengua, tukauengua tena. Sijui tulikaa muda gani. Nilisahau hata kula. Chini yake nikaona kitako cha pipa! Nikachota kikombe, mjukuu akanipokonya.

"Si ya kunywa! Ya kumwaga shambani!"

Mama akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Pipa hili nimeliona," akasema. "Maji yote yakipita humu, menyeni. Nikisikia harufu, napanda huku mwenyewe."

"Karibu, mama!" nikapiga kelele, na kwa magoti yangu haya mabovu nikakimbilia shambani kuchuma.