Moshi wa Sabato

Mtungi wa gesi wa kilo sita ukikaa miezi minne nyumbani kwa mtu bila kuisha, kuna mtu anadanganya. Mimi ni mtunza stoo wa shule ya bweni mjini Migori, na kazi hiyo imenifundisha nisiamini gunia lolote ambalo sijaliinua kwa mikono yangu. Kwa hiyo kila nilipokwenda kumwona mama, kabla hata sijaketi, niliingia jikoni nikauinua ule mtungi. Mwezi wa kwanza ulikuwa mzito. Mwezi wa nne ulikuwa mzito vilevile, na meko iliyokaa juu yake ilimetameta kama sahani ya wageni.

"Gesi inapika vizuri, Mama?"

"Vizuri sana, nyathina," alinijibu. Kwa Kijaluo chetu ndiyo kusema mwanangu, na mama huniita hivyo hasa anapoficha jambo.

Mama anaishi peke yake kwenye kilima kimoja upande wa Rangwe. Kifua chake kilikuwa kimekwisha kwa moshi. Daktari wa Homa Bay aliyempima alisema waziwazi kwamba akiendelea kuinamia kuni, safari nyingine tutamleta kwa machela. Kisha akanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyekuwa nikimpulizia ule moto. Nilitoka pale na hofu ambayo sikuwahi kuionja. Baba alikuwa ameshakwenda, na sikuwa tayari kumzika na mama kwa sababu ya jiko.

Nikaanza kutafuta. Niliwashuku wauzaji wote, na sioni aibu kusema hivyo. Wa gesi aliniapia, "Madam, hii imejaa mpaka juu, wewe pima tu," nami nikapima, mara mbili, kwenye mizani ya duka la jirani yake. Kaka yangu alipendekeza jiko la kuni la kisasa lenye bomba la kutoa moshi nje. Nililikataa, kwa kuwa namjua mama: angeacha mlango wa jiko wazi ili auone moto, na moshi wote ungemrudia usoni. Tukachukua gesi. Mama aliipokea kwa shukrani nyingi mno, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Baada ya ile miezi minne nilimbana. Akasema meko inayumba akisonga ugali, na ugali wa mtama unahitaji mafiga matatu yaliyozama ardhini, si kitu kinachocheza kama mlevi. Hapo alikuwa na haki, nilijaribu mwenyewe na nusura sufuria inimwagikie miguuni. Basi nikarudi sokoni Rangwe, nikamkuta kijana aliyekuwa akiuza jiko la peleti. Ni jiko pana lenye feni ndogo chini, linachoma vipande vidogo vigumu vilivyoshindiliwa kutokana na makapi ya miwa. Nilivishika, nikavinusa, nikavivunja kwa jino. Vilifanana na chakula cha sungura. "Hii ukiwasha, moshi hakuna, Madam. Mathe yako atashangaa," kijana alisema. Nikamwambia aliwashe pale pale mbele yangu, achemshe maji, nami nikasimama upande ule upepo ulikoelekea hadi yakachemka. Kweli, moshi haukuwepo, nikalinunua.

Peleti nazo zikaleta lao. Gunia lililotakiwa kutosha mwezi na nusu liliisha kwa wiki mbili. Gesi haiishi, peleti zinaisha kabla ya wakati. Nilikaa stoo ya shule nikilifikiria jambo hilo huku wapishi wakinisemesha na mimi siwasikii. Je, anaziuza? Anawapa kuku? Jirani anamwibia? Niliwashuku watu wema kabisa, akiwemo mzee wa kanisa aliyekuwa akimletea maji.

Nikaamua kwenda bila kumwambia. Nilichagua Jumamosi. Mama ni Mwadventista wa kutoka moyoni: chakula cha Sabato hukipika Ijumaa kabla jua halijazama, na Jumamosi hali ila kilichopikwa jana. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona akipika siku hiyo. Niliazima gari la mwalimu mmoja wa shuleni, nikafika jua likianza kutoka, na kutoka chini ya kilima nikaona moshi, mnene, mweupe, umesimama juu ya paa la jiko lake.

Niliacha gari chini nikapanda kwa miguu ili asisikie. Nilichungulia mlangoni. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, kitambaa amekifunga puani, anakohoa kikohozi cha kupasua mbavu. Kuni mbichi zilikuwa zikifuka, na chini yake alikuwa amemwaga peleti zangu kama kichocheo cha moto. Juu ya mafiga hapakuwa na sufuria. Hapakuwa na kitu chochote.

Nitasema ukweli, mawazo yaliyonijia yalikuwa mabaya. Nilidhani kuna mganga aliyemdanganya ajifukize. Nilidhani akili yake imeanza kumtoka.

"Mama, unapika nini?"

Aliruka. "Nachoma takataka."

"Siku ya Sabato?"

Hasira ikanipanda. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake, kwamba anataka kufa na kuniachia lawama. Siku hiyo hiyo, Sabato au si Sabato, nilizibeba kuni zote, mara sita kwenda na kurudi hadi kwenye gari, nikazipeleka kwa mama mmoja anayepikia shule ya msingi. Kisha nikapiga simu kazini nikaomba ruhusa ya siku tatu. Nilimlinda mama yangu kama ninavyolinda stoo. Nikatafuta kibao kizito, nikakitoboa katikati, nikaketisha mtungi ndani yake ili meko isiyumbe, nikamfundisha kuwasha kwa laita, kile kichuma kirefu cha kubofya kinachotoa cheche. Kiberiti cha njiti nilikipiga marufuku. Nilimwambia kitamlipua, na nilijua wazi kwamba natia chumvi, nia yangu ilikuwa asiwe na cha kuwashia kuni.

Jumapili tulipikia gesi. Jumatatu pia. Mama alipika bila kusema neno, na kila asubuhi alitoka nje akasimama ukingoni mwa ua, akitazama ng'ambo ya kijito. Nilidhani amenuna.

Jumanne asubuhi, mama akimimina chai, tukasikia nduru. Ilikuwa nduru ya msiba, ile inayokufanya uanze kukimbia kabla hujajua unakokimbilia. Ilitokea bondeni ikipanda kuja kwetu. Nilitoka nje, nikamwona mama mdogo.

Inafaa nimweleze. Mama mdogo ni mke wa pili wa baba. Kwa kuwa yeye na mama hawakuweza kukaa boma moja, baba alimjengea ng'ambo ya kijito, kilima kinachotazamana na chetu. Walivumiliana hadi siku ya mazishi. Siku hiyo waligombana mbele ya watu juu ya boma ambalo baba angelazwa, na tangu hapo, miaka kumi na mmoja, hawakuwa wamesemezana hata salamu. Sasa alikuwa anapanda kilima chetu peku, mikono kichwani, leso inaburuta, analia kwa sauti, "Nyieka! Nyieka amekwenda!" Kwa Kijaluo, nyieka ndiyo kusema mke mwenzangu. Nyuma yake majirani walikuwa wanatoka majumbani mmoja mmoja.

Mama akatokea mlangoni na kikombe mkononi.

Mama mdogo alinyamaza ghafla. Walitazamana.

"Sijafa," mama alisema.

"Siku tatu hakuna moshi," mama mdogo alisema akihema. "Siku tatu! Ningejuaje?"

Kisha akaketi chini kwenye umande, akalia upya, safari hii bila sauti. Mama alishuka akampa chai ile iliyokuwa mkononi mwake.

Niliyapata mengine kutoka kwa mama mchana ule, nikimvuta neno moja moja. Tangu baba azikwe, kila asubuhi alikuwa akitazama ng'ambo. Akiona moshi wa mwenzake anajua ameamka. Naye anawasha wake ajulikane ameamka. "Tungesemezana nini?" aliniuliza. "Moshi ulitosha." Mimi niliyempima muuza gesi mara mbili, niliyemshuku hadi mzee wa kanisa, sikuwahi hata siku moja kujiuliza mama anatazama nini kule ng'ambo. Niliona aibu, na aibu ile haijaisha hadi leo.

Lakini kifua kilibaki kifua. Nilimwambia kuni hazirudi, na kwamba mama mdogo naye anazeeka na mapafu yake si ya chuma. Mimi na kaka tukamnunulia mtungi wake na meko yake. Nilipoipeleka nikagundua kwamba muuzaji hakuweka laita ndani ya boksi. Nilikasirika, nikawaambia wote wawili kwamba mwizi yule nitamwonyesha. Kwa muda, kwa kuwa naye nilikuwa nimemtisha na kiberiti, mama mdogo alivuka kijito kila asubuhi kuazima laita ya mama. Nilimwonea huruma, kilima kile si mchezo kwa magoti yake. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa muuzaji, nikagombana naye hadi akanipa laita mpya ndani ya nailoni yake, nikamkabidhi mama ampelekee.

Nilirudi baada ya mwezi. Niliinua mtungi: mwepesi, karibu unaisha. Nilifurahi kiasi cha kutaka kuupiga busu. Mama alikuwa anakohoa kidogo tu, kama mtu anayesafisha koo. Kisha nikamwona mama mdogo anapanda kilima, polepole, mkono kiunoni.

"Amekuja kwa laita," mama alisema, akitoa kikombe cha pili.

"Kwani ile mpya?"

"Iliharibika."

Ile hamu yangu ya kushuku ikaamka. Laita mpya haiharibiki kwa mwezi mmoja. Wao walipokuwa nje wanakunywa chai na kugombana juu ya kuku wa nani anaharibu mboga za nani, niliingia jikoni nikaanza kupekua, kama nifanyavyo stoo. Niliikuta chini kabisa ya debe la maharagwe, imo ndani ya nailoni yake, haijafunguliwa.

Nilisimama nayo mkononi, nikiwasikia wakicheka huko nje. Kisha nikairudisha pale pale, nikaimwagia maharagwe juu, nikayasawazisha kwa kiganja hadi isionekane.